Kadi ya biashara: karatasi ipi itamfikia mteja ikiwa bado inasomeka?

Kama wewe ni fundi cherehani, fundi simu, msusi, fundi umeme au mwalimu wa masomo ya jioni, bila shaka umeshaulizwa na mteja: "Una kadi?" Wengi wetu hujibu kwa kuchana kipande cha daftari na kuandika namba kwa kalamu. Kikifika jioni, kipande hicho kimeshakuwa uchafu wa mfukoni, na kazi imekwenda kwa mwingine.

Kuchapisha kadi mia moja hakulingani na kodi ya nyumba. Hata hivyo, kwa mtu anayeanza maisha upya mjini, hiyo ni pesa ambayo ingenunua unga na maharage. Ukichagua karatasi isiyofaa, umeitupa. Mimi niliwahi kuitupa, nami nitakueleza ilivyokuwa. Makala hii inaeleza namna ya kuchagua karatasi, uso wake na umaliziaji wake, ili ukifika kaunta ujue cha kuuliza, uwe mkimbizi au mwenyeji.

Kadi huanzia kwa zamu

Tuchukue mfano wa Mutanga Nord, upande wa Gihosha, kaskazini mwa bonde la mto Ntahangwa. Ni mtaa wa mwinuko wenye nyumba za kuta na mageti. Ukibisha hodi kutafuta kazi, anayekufungulia si mwenye nyumba, ni zamu. Mwenye nyumba yuko kazini. Zamu anaipokea kadi yako, anaitia mfuko wa shati, kisha anaendelea na shughuli zake: anamwagilia maua, anaosha gari, anafungua na kufunga geti. Jua la Bujumbura unalijua, na joto la karibu na ziwa Tanganyika huja na unyevu. Mfuko unalowa jasho. Jioni, kama hajasahau, anamkabidhi mama mwenye nyumba, naye anaiacha ndani ya gari au kwenye droo ya jikoni. Inaweza kukaa humo miezi mitatu. Siku bomba litakapopasuka, au harusi itakapokaribia na vitenge havijashonwa, ndipo kadi hiyo itakapotafutwa.

Kwa hiyo usiichague kadi kwa jinsi inavyoonekana juu ya meza ya mchapishaji. Fikiria mfuko wa zamu. Je, itavumilia jasho? Itakunjika? Namba itasomeka?

Wakazi wa Bujumbura wanakumbuka Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la mjini lilipoungua. Wauzaji walitawanyika kwenye masoko mengine na barabarani. Mteja aliyemjua muuzaji wake kwa mahali alipokaa tu, bila namba wala jina kamili, alikuwa na kazi kubwa ya kumtafuta. Sisi tuliohama zaidi ya mara moja, kutoka Kivu hadi kambini, kutoka kambini hadi mjini, kutoka mtaa huu hadi ule kwa sababu ya kodi, tunalijua jambo hilo hata bila moto.

Uzito: uliza gramu, usiulize "ngumu"

Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Kwenye sekretariati za mjini, zile duka ndogo za kupiga chapa, fotokopi na kuchapisha, utasikia wakiuita gramaji. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ni gramu 80. Ile ya gramu 160 ni ngumu kidogo na inafaa kwa jalada la ripoti au cheti cha mafunzo. Mchapishaji mwenye haraka atakuambia kwamba inatosha kwa kadi. Haitoshi. Siku ya pili mfukoni itakuwa imejikunja kama jani kavu.

Kadi inayofaa huanzia gramu 250. Mimi napendekeza 300. Gramu 350 ni imara zaidi, lakini mashine nyingi za sekretariati haziwezi kuivuta. Karatasi inakwama ndani, au inatoka na mikwaruzo, na mchapishaji anakuambia ulipe ile iliyoharibika.

Ukiambiwa "hii ni bristoli", usiridhike. Bristoli ni jina tu, halikuambii uzito. Ile bristoli ya rangi ambayo watoto huchorea shuleni mara nyingi ni nyembamba kuliko unavyohitaji. Omba kuona paketi yenyewe: ubavuni pameandikwa namba ikifuatwa na g/m². Kama paketi imeshatupwa, kuna kipimo cha mkono. Chukua karatasi moja ya fotokopi, ikunje katikati, halafu ikunje tena, upate tabaka nne. Nne mara 80 ni 320. Weka ukingo wa karatasi unayouziwa karibu na ukingo wa hiyo uliyokunja, kisha linganisha unene kwa jicho na kwa kidole. Usilinganishe ugumu, kwa sababu karatasi moja nene siku zote ni ngumu kuliko nne nyembamba zilizowekwa pamoja. Na kumbuka kwamba karatasi inayong'aa hubanwa sana kiwandani, hivyo kwa uzito uleule huwa nyembamba kidogo. Ikiwa hiyo unayouziwa ni nusu ya unene wa tabaka zako nne, basi si gramu 300, hata aseme nani.

Uso wa karatasi, na kosa langu la mwezi wa Novemba

Karatasi ina nyuso za aina tatu utakazokutana nazo. Ya kwanza inang'aa: imepakwa tabaka jembamba la udongo mweupe au unga wa chokaa, kisha ikasuguliwa. Rangi hukaa juu, kwa hiyo picha hutoka kali na nzuri. Ya pili ni mati: nayo imepakwa, lakini haimeremeti. Ya tatu haijapakwa kitu. Ni kama karatasi ya daftari, ila nene.

Watu wengi huchagua inayong'aa kwa sababu inaonekana ya gharama. Mimi pia nilifanya hivyo. Kadi zangu za kwanza zilichapishwa kwa mashine ya wino wa maji, juu ya karatasi ya picha inayong'aa, mwezi wa Novemba, mvua zikiwa zimeshika. Mezani zilipendeza sana. Nilizifunga kwa mpira, nikazitia mfuko wa begi, nikaanza kupanda. Mvua ilinikuta njiani. Nilipotaka kumpa mtu wa kwanza kadi, nilikuta zimegandana mbili mbili, na namba mbili za mwisho zimegeuka kuwa wingu la bluu. Nilikuwa nimeshalipia zote mia moja. Mchapishaji hakuniambia kitu, nami sikuwa nimemuuliza kitu.

Tangu siku hiyo najua kuuliza swali hili kwanza: mashine yako ni ya wino au ya leza? Mashine ya leza haitumii wino wa maji. Inatumia unga unaoyeyushwa kwa joto mpaka ushike kwenye karatasi. Maji hayaufuti. Kasoro yake ni nyingine: juu ya karatasi nene, kama mchapishaji hakuiambia mashine kwamba karatasi ni nene, joto halitoshi na unga haushiki vizuri. Unabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani.

Kwa hiyo omba kadi moja ya majaribio kabla ya zote. Isugue kwa kidole gumba mara kumi. Ikwaruze kwa ukucha juu ya namba ya simu. Kunja pembe moja uone kama maandishi yanapasuka. Lowesha kidole, gusa jina lako. Mchapishaji mzuri hatakasirika. Akikasirika, mtaa una wachapishaji wengine. Na usikubali karatasi ya picha, ile iliyotengenezwa kwa mashine ya wino, ipitishwe kwenye mashine ya leza. Mpako wake unaweza kuyeyuka ndani na kuharibu mashine, na mabishano yatakayofuata hutayapenda.

Sasa, kati ya zile nyuso tatu, mimi nachagua ile isiyopakwa, na sababu yangu ya kwanza ni kalamu. Kalamu ya wino mzito, ya kawaida, huteleza juu ya karatasi inayong'aa, na maandishi hufutika ukiyagusa. Juu ya karatasi isiyopakwa huandika kama kwenye daftari. Fundi cherehani anamwandikia mteja siku ya kuja kuchukua nguo. Mwalimu anaandika saa za somo. Fundi simu anaandika kiasi alichotangulizwa. Na mgeni asiyejua njia unamchorea ramani ndogo mgongoni mwa kadi, maana mjini watu wengi huelekezana kwa duka, kanisa, msikiti au mti mkubwa kuliko kwa namba ya nyumba.

Sababu ya pili inatuhusu zaidi sisi wakimbizi. Namba zetu hazikai. Simu inaibiwa. Laini iliyoandikishwa kwa jina la rafiki inafungwa rafiki anapohama. Mwenye kadi mia zinazong'aa atazitupa zote siku hiyo. Mwenye kadi zisizopakwa atachora mstari mmoja juu ya namba ya zamani na kuandika mpya chini yake. Si nadhifu, lakini mteja anapata namba. Hata hivyo, kabla ya kuchapisha, hakikisha laini imeandikishwa kwa jina lako ikiwa hati zako zinakuruhusu. Kama unalipwa kwa Lumicash au EcoCash na jina linalotokea kwenye simu ya mteja silo lililo kwenye kadi, mteja ataingiwa na wasiwasi, na ana haki.

Karatasi isiyopakwa ina udhaifu wake: hunywa jasho na mafuta. Kama kazi yako ni ya picha, mapambo au keki, na unataka picha ya rangi upande mmoja, chukua mati. Upande wa pili uache mweupe, na umwambie mchapishaji asiupake wala kuuwekea plastiki.

Plastiki: wapi inafaa, wapi inaharibu

Fundi magari wa Buyenzi ana shida tofauti. Kadi yake hupokelewa kwa mikono yenye grisi na hukaa kwenye sanduku la spana. Huyo namwambia aweke plastiki, kwa sababu inafutika kwa kitambaa.

Viwanda vikubwa vya uchapaji vina filamu nyembamba ya plastiki, ya kung'aa au ya mati, inayobandikwa juu ya karatasi nzima kabla ya kukata. Hiyo ni nzuri, ila huwa inafaa ukichapisha nyingi. Kwenye sekretariati ya mtaani utakuta mashine ndogo ya bahasha za plastiki, ileile inayotumika kufunika vitambulisho na vyeti. Hapo ndipo watu wengi hukosea, na kosa liko kwenye mpangilio wa kukata.

Mchapishaji akiweka karatasi nzima ndani ya bahasha, akaipitisha kwenye joto, kisha akazikata kadi kumi, kila kadi itabaki na kingo zilizo wazi. Plastiki ya juu na ya chini hazigusani popote. Baada ya wiki chache unyevu unaingia ubavuni na tabaka zinaachana kama ganda la kitunguu. Njia iliyo sahihi ni kukata kadi kwanza, kuzipanga ndani ya bahasha zikiwa na nafasi kati yake, kuzipitisha kwenye joto, kisha kukata tena huku ukiacha ukingo wa plastiki tupu wa milimita 2 hadi 3 kuzunguka kila kadi. Ukingo huo ndio unaofunga maji nje.

Lakini angalia: kadi ya kawaida ina milimita 85 kwa 55. Ukiiongezea ukingo wa plastiki inakuwa kubwa kuliko nafasi za pochi, ambazo zimeshonwa kwa kipimo cha kadi za benki. Kadi isiyoingia kwenye pochi huachwa mezani. Kwa hiyo, ukiamua kuweka plastiki ya bahasha, chapisha kadi ya milimita 80 kwa 50, na ukingo utaifikisha kwenye kipimo. Na plastiki hiyo ikishawekwa, huwezi kuandika wala kurekebisha chochote. Namba ikibadilika, imekwisha.

Maandishi ya dhahabu, herufi zilizoinuliwa, vanishi juu ya jina peke yake: achana navyo kwa sasa. Hakuna aliyemwita fundi bomba kwa sababu jina lake linameremeta. Kuviringisha pembe, hilo naliunga mkono kama mchapishaji ana kifaa chake, kwa maana pembe kali ndizo zinazokunjika na kuchakaa kwanza.

Karatasi moja inatoa kadi ngapi

Hapa ndipo pesa inapookolewa. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Kadi za 85 kwa 55 zinaingia safu mbili za kadi tano, yaani kumi. Kadi mia moja ni karatasi kumi. Uliza bei ya karatasi moja ya gramu 300 pamoja na kuchapisha, zidisha kwa kumi, ongeza gharama ya kukata. Ukitajiwa bei iliyo mbali sana na hesabu hiyo, muulize kwa upole tofauti inatoka wapi.

Kadi kumi kwa karatasi zinawezekana ikiwa mandhari ya kadi ni meupe. Ukitaka rangi ifike mpaka ukingoni, mchapishaji anahitaji kuchapisha rangi ipite mstari wa kukata kwa milimita 3 hivi kila upande, la sivyo kisu kikipotoka kidogo utaona mstari mweupe. Nafasi hiyo ikiongezwa, karatasi itatoa kadi tisa au nane. Na rangi nyeusi nzito inayofika ukingoni ndiyo ya kwanza kumenyuka. Mandhari meupe, maandishi meusi, jina la kazi kwa herufi kubwa, namba ya simu kubwa kuliko vyote: hiyo ni kadi ya bei ndogo na ndiyo inayosomeka na mzee asiye na miwani. Usishuke chini ya ukubwa wa 8 kwa maandishi yoyote, na namba ya simu iwe 12 au zaidi.

Lugha pia inakula nafasi. Kadi yenye Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja itakuwa na herufi za sisimizi. Chagua lugha mbili za wateja wako. Kama wengi wako upande wa Mutanga Nord, Kirundi na Kifaransa vinatosha; huko Buyenzi, Kiswahili hakikosi msomaji.

Kadi nzuri si kitambulisho

Nisiache jambo hili, kwa sababu watu wameumizwa. Kama wewe unaweza kupata kadi mia za kupendeza kwa asubuhi moja, tapeli naye anaweza. Kadi nene ya mati yenye nembo ya shirika haithibitishi kwamba aliyekupa anafanya kazi huko. Huduma za UNHCR na washirika wake, pamoja na kuandikishwa na kuhamishiwa nchi ya tatu, ni za bure. Mtu akikupa kadi na kukuambia ulipe ili jina lako lisogezwe mbele, usimlipe. Ihifadhi kadi yake na uipeleke ONPRA au UNHCR, wakusaidie kuhakikisha.

Kwa sababu hiyohiyo, usiweke nembo ya shirika lolote kwenye kadi yako, hata kama shirika hilo ndilo lililokufundisha kazi au kukupa cherehani, mpaka uwe na ruhusa ya maandishi. Usiandike namba yako ya usajili wa ukimbizi, wala majina ya watoto, wala mahali hasa unapolala. Kadi hii itapita mikono ya watu usiowajua. Jina, kazi, namba, na mtaa unaofanyia kazi vinatosha. Mama anayeishi peke yake anaweza hata kuuacha mtaa.

Siku ya kwenda kuchapisha

Nenda asubuhi, umeme ukiwepo. Foleni ya mchana baada ya umeme kukatika hukufanya ukubali karatasi yoyote iliyobaki. Kadi ikishapangwa kwenye kompyuta, omba faili yake ya PDF na ujitumie kwa WhatsApp kama hati, si kama picha, maana picha hupunguzwa ubora ikitumwa. Ukiwa nayo unaweza kurudi na kuchapisha karatasi mbili tu, kadi ishirini, pale pesa inapokuwa ndogo. Kwa kweli, kama hujui utakaa mtaa huo muda gani, anza na hizo ishirini.

Soma namba ya simu kwa sauti kutoka kwenye kadi ya majaribio, tarakimu zote nane, huku mtu mwingine akiipiga. Zikikatwa, angalia ya juu na ya chini katika bunda. Kisu cha kukatia kikisukuma karatasi nyingi kwa pamoja, zile za chini huteleza, na ndizo zinazotoka zimekatwa upande.